Kagua, hakiki, hakikisha: istilahi za ukaguzi wa usalama katika mifumo ya Linux

Nomino ukaguzi imebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili cha kompyuta. Katika maandishi ya usalama wa mifumo, neno hilo moja hutumika kutaja kazi ya kuichunguza seva ili kujua kama imepangwa kwa mujibu wa mwongozo. Hutumika pia kutaja programu fupi inayofanya kazi hiyo, na hata kazi ya kuichunguza programu yenyewe ili kujua kama inasema kweli. Mambo hayo ni matatu, na kila moja lina mtu wa kuliwajibikia. Yakiitwa kwa jina moja, msomaji wa taarifa hawezi kujua nani alimchunguza nani, wala ni kipi kimethibitishwa.

Makala haya yanaeleza matumizi ya vitenzi kagua, hakiki, hakikisha, pima na jaribu katika uwanja huo, pamoja na namna ya kutaja matokeo ya ukaguzi bila kupotosha.

Mizani ya kahawa na anayeihakiki

Tofauti inayozungumziwa si ngeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, wakulima wadogo huuza kahawa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Mkulima anapofikisha gunia chamani, mizani huipima kahawa yake. Lakini mizani nayo ina wa kuichunguza: mtumishi wa Wakala wa Vipimo huweka juu yake mawe ya uzito unaojulikana, hutazama kama inasoma uzito uleule, na ikiwa sawa huibandika stika. Kazi hiyo ya pili huitwa uhakiki. Hakuna mkulima anayesema kwamba Wakala wa Vipimo umepima kahawa yake; anajua kwamba umehakiki mizani iliyoipima.

Sababu ya kuwapo kwa kazi hizo mbili ni moja. Mizani mbovu haipigi kelele. Inasoma kilo 58 pale ambapo gunia lina kilo 60, na inasoma hivyo kwa utulivu uleule wa mizani nzima. Mkulima hawezi kuligundua kosa kwa kulitazama gunia lake. Ni lazima mizani ipewe kitu ambacho uzito wake umekwisha kujulikana.

Ukaguzi wa seva za Linux una muundo huohuo. Badala ya gunia kuna seva. Badala ya mizani kuna programu fupi inayosoma mipangilio ya seva na kutoa jibu. Vigezo vinavyotumika huandikwa katika miongozo kama ile ya Center for Internet Security, maarufu kwa kifupi cha CIS, au ile iitwayo STIG, inayotolewa na DISA, wakala wa mifumo ya habari wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Programu kama OpenSCAP huvisoma vigezo hivyo, huvilinganisha na hali ya seva, na hutoa taarifa. Taarifa hiyo ikiwa na kosa, inakuwa kama mizani ya kilo 58: hutoa jibu tulivu lisilo la kweli.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mwenye kukusanya na kutunza taarifa za watu azilinde. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 nayo inazihusu taasisi za umma, zikiwamo halmashauri. Seva inayotunza majina ya wakulima, namba zao za simu na malipo yao, iwe Muleba au Bukoba mjini, inaweza kuandikiwa taarifa ya ukaguzi ambayo itasomwa na mkurugenzi, mwanasheria na wajumbe wa bodi wasiojua lolote kuhusu Linux. Wao watategemea maneno tu.

Kazi ya kuipatia Linux Kiswahili imekuwapo kwa muda. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hushughulikia maneno ya kwenye skrini: fungua, hifadhi, chapisha. Lugha ya taarifa za ukaguzi ni uwanja mwingine, kwa sababu neno lisilofaa kwenye kitufe humchelewesha mtumiaji, ilhali neno lisilofaa katika taarifa huweza kumpa mtu hati ya usalama asiyoistahili.

Kagua na hakiki

Kukagua ni kukitazama kitu kwa makini ili kujua hali yake. Mkaguzi wa shule hukagua madarasa. Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu za Serikali. Kitendwa cha kitenzi hiki ni kitu chenye hali: jengo, daftari, seva.

Kuhakiki ni kulinganisha dai na ukweli wake. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno uhakiki kwa maana ya kuichambua kazi ya sanaa na kuipima thamani yake. Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, uhakiki wa vyeti uliofanyika hadi kutangazwa matokeo yake mwaka 2017 ulilipa neno hilo maana nyingine iliyo wazi kwa kila mtu: cheti kinadai jambo, na mhakiki analirudisha dai hilo kwenye chanzo. Kitendwa cha kuhakiki, kwa hiyo, ni dai: cheti, hesabu, kipimo, jibu.

Kutokana na hapo, mgawanyo unaofaa ni huu: seva hukaguliwa, kitu kinachoikagua huhakikiwa. Kwa kitu hicho chenyewe, yaani programu fupi inayoangalia kigezo kimoja, neno kikaguzi linafaa. Limeundwa kwa njia ileile iliyotupa kikokotozi na kichapishi, na linaiacha nomino ukaguzi ibaki na maana yake ya tendo. Mkaguzi atabaki kuwa mtu.

Dhaifu: Ukaguzi wa nywila ulikaguliwa kabla ya ukaguzi.
Bora: Kikaguzi cha nywila kilihakikiwa kabla ya seva kukaguliwa.

Hakiki na hakikisha

Vitenzi hivi vina mzizi mmoja, na wafasiri wengi huvibadilisha bila kujali. Katika ukaguzi wa mifumo kubadilisha huko kuna madhara.

Hakiki humtaka mtu atazame na aseme alichokiona. Hakikisha humtaka mtu afanye jambo liwe. Anayeambiwa "hakiki kwamba mlango umefungwa" akikuta uko wazi atasema uko wazi. Anayeambiwa "hakikisha mlango umefungwa" akikuta uko wazi ataufunga.

Vigezo katika miongozo ya CIS kwa kawaida huandikwa kwa kitenzi cha kuamuru ambacho Kiswahili chake ni hakikisha. Kwa fundi anayeiandaa seva, tafsiri hiyo ni sahihi. Lakini mstari huohuo ukihamishiwa katika orodha ya mkaguzi, unamwagiza abadilishe kitu alichotumwa kukitazama. Mkaguzi mwaminifu anayefuata maneno ya orodha yake atairekebisha mipangilio, kisha ataandika kwamba mipangilio ni sahihi. Ataandika kweli, na kweli hiyo itaficha kwamba kwa muda usiojulikana seva ilikuwa wazi. Ndiyo maana zana za ukaguzi hutenganisha hatua ya kutathmini na hatua ya kurekebisha. Tafsiri nayo izitenganishe.

Kwa fundi: Hakikisha nywila ina angalau herufi 14.
Kwa mkaguzi: Kagua kama seva inadai nywila ya angalau herufi 14.

Utata wa "jaribio la ukaguzi"

Maneno jaribio la ukaguzi yana maana mbili, na ile isiyokusudiwa ndiyo inayomjia msomaji kwanza. Jaribio la mapinduzi ni mapinduzi yaliyojaribiwa, pengine yasifaulu. Jaribio la wizi ni vilevile. Msomaji wa taarifa isemayo "tulifanya jaribio la ukaguzi" ana haki ya kuelewa kwamba watu walijaribu kukagua wakashindwa.

Kauli ya kutendea inaondoa utata huo. Kikaguzi hufanyiwa majaribio. Pale ambapo nomino inahitajika, upimaji wa vikaguzi unafaa, au uhakiki wa vikaguzi ikiwa mkazo uko kwenye kulinganisha jibu na ukweli. Kitenzi jaribu kikifuatwa na kitenzi kingine, kama katika kujaribu kukagua, kiachiwe maana ya kufanya juhudi tu.

Namna kikaguzi kinavyofanyiwa majaribio

Ili maneno haya yapate mwili, inafaa kukitazama kigezo kimoja kinachojulikana sana. Katika Linux, msimamizi mkuu wa mfumo huitwa root, na miongozo mingi hutaka mtu asiweze kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa jina hilo. Mpangilio unaohusika huitwa PermitRootLogin, nao huandikwa katika faili /etc/ssh/sshd_config, ukifuatwa na neno no.

Kikaguzi kilichoandikwa kwa haraka hulifungua faili hilo na kutafuta maneno hayo mawili. Kikiyapata, hutoa jibu kwamba kigezo kimekidhiwa. Kasoro zake ni nyingi.

Ya kwanza, mstari wenye maneno hayo unaweza kuwa umetanguliwa na alama ya #, ambayo huugeuza kuwa maelezo tu yasiyo na nguvu. Kikaguzi kimeyaona maneno, lakini seva haiyatii.

Ya pili, mpangilio mmoja ukitajwa mara mbili, programu hii hulichukua lile la kwanza inalolikuta. Mstari wa juu ukiruhusu na wa chini ukikataza, seva inaruhusu. Kikaguzi kinachoridhika na mstari wowote kitadanganyika.

Ya tatu, faili hilo linaweza kuagiza mafaili mengine yasomwe pamoja nalo, hasa yale yaliyomo katika folda /etc/ssh/sshd_config.d. Jibu linaweza kuwa huko.

Ya nne, faili linaweza kuwa limesahihishwa huku programu yenyewe haijawashwa upya. Karatasi inasema hivi, seva inatenda vile.

Kikaguzi cha namna hiyo hakiwezi kujulikana ubovu wake kwa kukiendesha kwenye seva inayokaguliwa, kama vile mizani isivyoweza kujulikana ubovu wake kwa gunia la mkulima. Huandaliwa kompyuta za majaribio ambazo hali yake imekwisha kujulikana: moja yenye mpangilio sahihi, nyingine isiyo na mstari wowote, nyingine yenye mstari uliotanguliwa na #, nyingine yenye mistari miwili inayopingana. Kikaguzi hupitishwa kwa zote, na majibu yake hulinganishwa na yaliyotarajiwa. Katika mradi wa ComplianceAsCode, unaotunza vigezo vinavyotumiwa na OpenSCAP, kila jaribio hubeba katika jina la faili lake tokeo linalotarajiwa, ili mtu yeyote aone mapema kikaguzi kinapaswa kusema nini. Hayo ndiyo mawe ya mizani.

"Hakufaulu" si sawa na "alifeli"

XCCDF, lugha inayotumika kuandikia orodha za vigezo hivi, inatambua matokeo 9 kwa kila kigezo. Kwa Kiswahili yanaweza kutajwa hivi: kilikidhiwa, kilikutwa na kasoro, hitilafu, yaani kikaguzi chenyewe kilikwama, haijulikani, yaani kikaguzi kilifanya kazi lakini hakikuweza kuamua, hakihusiki, hakikukaguliwa, hakikuchaguliwa, taarifa tu, na kilirekebishwa.

Taarifa nyingi za Kiswahili huyafanya matokeo hayo kuwa mawili: kilifaulu na hakikufaulu. Hapo ndipo ukanushi wa Kiswahili unapohitaji uangalifu. Mtahiniwa ambaye hakufika kwenye chumba cha mtihani hakufaulu, lakini pia hakufeli. Kila mzazi analifahamu hilo, na ndiyo maana katika matokeo ya mitihani ya taifa aliyekosa kufika hupewa alama yake ya pekee. Kitenzi kilichokanushwa hufunika zaidi ya kinyume chake: hufunika pia kutofanyika kwa tendo. Kwa hiyo kasoro itajwe kwa kitenzi cha kukubali: kilifeli, au kilikutwa na kasoro. Maneno hakikufaulu yaepukwe kabisa.

Ukanushi wa kitenzi kagua wenyewe una ngazi zinazofaa kutunzwa:

Hakijakaguliwa: zamu yake haijafika, kuna ahadi kwamba kitakaguliwa.
Hakikukaguliwa: ukaguzi umekwisha na chenyewe kiliachwa, sababu itajwe.
Hakikaguliki: hakuna njia ya kukikagua kwa zana zilizopo, itafutwe njia nyingine, mathalani mahojiano na msimamizi.
Hakihusiki: kigezo hakiigusi seva hii, kwa mfano kigezo cha programu ambayo haikusakinishwa.

Wasomaji wa taarifa za fedha nchini Tanzania wana mazoea ya tofauti za namna hii. Mkaguzi Mkuu hutoa hati inayoridhisha, hati yenye shaka au hati isiyoridhisha. Na pale anapokosa ushahidi wa kutosha husema kwamba ameshindwa kutoa maoni. Kushindwa kutoa maoni si hukumu dhidi ya hesabu, wala si kuzisafisha. Mfasiri wa taarifa za mifumo anaweza kuegemea mazoea hayo bila kubuni lolote.

Chanya na hasi

Maneno haya mawili yametoka maabara, na yamekuja na utata wao. Katika mazungumzo ya kawaida matokeo chanya ni matokeo mema. Katika maabara, chanya maana yake ni kwamba kilichokuwa kikitafutwa kimeonekana. Machi 2023, ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba, hakuna aliyelisikia neno chanya kama habari njema.

Katika ukaguzi wa seva hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa haijulikani kinachotafutwa ni kasoro au ni uzima. Chanya ya uongo huweza kusomwa kwa njia mbili zinazopingana. Inafaa zaidi kuueleza ukweli wenyewe. Kikaguzi kikiilaumu seva nzima, hiyo ni tuhuma isiyo na msingi. Kikaguzi kikiipitisha seva mbovu, hiyo ni kasoro iliyopenya. Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini hakuna msomaji atakayeyageuza. Yanaonyesha pia uzito usiolingana wa makosa hayo: tuhuma isiyo na msingi humpotezea fundi muda, na mara nyingi huja juu yenyewe kwa sababu fundi hulalamika, kasoro iliyopenya haina mlalamikaji.

Kuzingatia, kutii, kukidhi

Kwa dhana ya kwenda sawasawa na mwongozo, vitenzi vitatu hushindana. Kutii kunahitaji nia, na seva haina nia. Kuzingatia nako ni kwa mtu au taasisi: halmashauri inazingatia sheria. Kukidhi ni kwa kitu: seva inakidhi vigezo. Sentensi ya "seva inazingatia Sheria ya mwaka 2022" humwondolea wajibu mtu ambaye sheria imemtaja. Iandikwe kwamba taasisi inazingatia sheria, na miongoni mwa ushahidi wake ni kwamba seva zake zilikidhi vigezo fulani.

Imekidhi au ilikidhi

Kiambishi -me- hudokeza kwamba hali ingali ipo. Mlango umefungwa: ukienda sasa utaukuta umefungwa. Seva imekidhi vigezo: msomaji ataelewa kwamba hata leo inakidhi. Mkaguzi hana uwezo wa kuahidi hivyo. Mpangilio uliokuwa sahihi asubuhi unaweza kubadilishwa kabla ya saa sita.

Kiambishi -li- ni salama zaidi, ila hakisemi ni lini. Kihaya, lugha ya wenyeji wengi wa Bukoba na Muleba, hutofautisha wakati uliopita kwa umbali: la leo, la jana na la kabla ya hapo huwa na maumbo yake katika kitenzi. Kiswahili hakina ngazi hizo ndani ya kitenzi, hivyo tarehe na saa hazina budi kuandikwa kwa maneno. Taarifa isiyo na tarehe ya ukaguzi na tarehe ya uhakiki wa vikaguzi ina pengo hata kama kila neno lake ni sahihi.

Mfano wa taarifa

Tarakimu zilizomo katika mfano huu ni za kuonyeshea tu.

Dhaifu: Seva imekaguliwa na ukaguzi umehakikishwa. Vigezo 12 havikufaulu.

Bora: Seva ilikaguliwa tarehe 3 Machi, saa 4 asubuhi, kwa vigezo 60. Ilikidhi vigezo 48 na ilikutwa na kasoro katika vigezo 5. Vigezo 4 haviihusu seva hii. Katika vigezo 3 ilitokea hitilafu, kwa kuwa vikaguzi vyake havikuwa na ruhusa ya kulisoma faili la nywila. Hali ya vigezo hivyo haijajulikana. Vikaguzi vyote 60 vilihakikiwa tarehe 1 Machi kwa kompyuta za majaribio zenye mipangilio sahihi na zenye kasoro. Hakuna mpangilio uliobadilishwa wakati wa ukaguzi.

Taarifa ya kwanza ina vigezo 12 vya kutisha, na haimwambii mkurugenzi afanye nini. Ya pili inampa kazi tatu zilizo wazi: arekebishiwe kasoro 5, wakaguzi wapewe ruhusa ili vigezo 3 vikaguliwe tena, na vile 4 viachwe.

Muhtasari wa matumizi

Kagua: chunguza hali ya seva bila kuibadilisha.
Kikaguzi: programu fupi inayoangalia kigezo kimoja, wingi vikaguzi.
Hakiki: linganisha jibu la kikaguzi na ukweli unaojulikana.
Hakikisha: fanya liwe, neno la fundi, lisitumike katika orodha ya mkaguzi.
Fanyia majaribio: endesha kikaguzi kwenye kompyuta zenye hali inayojulikana.
Kidhi: kwa seva na kigezo. Zingatia: kwa taasisi na sheria.
Kasoro iliyopenya, tuhuma isiyo na msingi: kwa makosa mawili ya kikaguzi, badala ya hasi na chanya za uongo.